Dalali wa Vikombe

Habibo alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake wa safari, lakini hakutoka. Alisimama katikati ya sebule akamkazia macho mumewe, Waqo, ambaye alikuwa amekaa pale pale alipokaa jana na juzi, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, mkongojo ameuegemeza ukutani.

"Baba Gumato, nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Kuanzia leo uende chuoni ukakae kwenye kiti changu."

Waqo alidhani amesikia vibaya. "Chuo gani?"

"Chuo cha ufundi. Darasa la ufinyanzi. Mwalimu Kananu alipewa darasa kwa sharti la watu kumi. Wakipungua, linafungwa. Sisi tuko kumi kamili. Mimi naenda Kinna kwa dada yangu, na mtu aliyezaa mapacha kwa kupasuliwa si wa kuachwa baada ya siku mbili. Nitakaa mwezi."

"Unataka mimi Waqo nikafinyange vyungu na wanawake?"

"Sijasema ufinyange. Nimesema ukae. Usiguse kitu. Kukaa si unajua? Miezi minane unakaa."

Waqo aliutazama mguu wake juu ya kigoda. Miezi minane ilikuwa kweli. Tangu ngamia alipompiga teke la nyonga wakimpakia kwenye lori, hakuwa amerudi kwenye soko la mifugo la Isiolo. Yeye, dalali wa mifugo wa miaka thelathini, ambaye wauzaji kutoka Merti na wanunuzi kutoka Nairobi walikuwa wakimuulizia kwa jina, sasa aliamka kila asubuhi akakuta noti ya mia mbili imewekwa chini ya chupa ya chai. Habibo aliiweka hapo kabla ya kwenda kuuza maziwa, bila kusema neno, ili mumewe asikose pesa ya kunyolea ndevu au ya boda. Alifanya hivyo kwa heshima. Ndiyo maana noti ile ilimuuma Waqo kuliko nyonga.

"Watu wataniona," alisema.

"Wataona mtu amekaa," Habibo akajibu, akabeba mkoba wake na kutoka.

*

Alikwenda. Alimwambia mwendesha boda amshushe nyuma ya chuo, upande wa kitalu cha miche, ambako hakuna maduka.

Darasa lilikuwa banda la mabati lenye madirisha mapana. Ndani walikuwamo wanawake tisa waliojifunga aproni, na magurudumu matano ya umeme waliyokuwa wakipokezana. Alipoingia, magurudumu yote yalisimama.

"Salaam aleikum," Waqo alisema, macho sakafuni.

Waliitikia. Kisha mwalimu akaja, mwanamke wa Kimeru wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. "Habari yako, Mzee? Mama Gumato alinipigia simu. Kiti chake ni kile. Asante kwa kutuokoa."

Kutuokoa! Waqo alilichukua neno hilo akaenda nalo hadi kitini. Tangu aumie, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ameokoa chochote.

Alikaa, viganja vyote viwili juu ya mkongojo, uso ameuelekeza dirishani ili ieleweke kwamba yeye hayumo. Lakini masikio hayana mlango. Alimsikia mwalimu akifungua mfuko wa plastiki na kusema, "Leo tunaachana na udongo mwekundu wa mto. Huu unaitwa udongo wa kauri. Ni mawe meupe yaliyosagwa yakawa laini kuliko unga wa chapati. Vile vikombe mnaviita vya china, hivyo vya kutunzwa kabatini kwa ajili ya wageni, vinatoka humu. Osheni mikono hadi kwenye kiwiko. Vumbi kidogo tu likiingia, litaonekana milele."

Waqo akageuka kidogo. Udongo ule ulikuwa mweupe kama samli iliyoganda, na mwalimu alipoukata kwa waya, ulikatika bila sauti.

Siku ya kwanza na ya pili hakugusa kitu. Siku ya tatu, zamu ikamfikia Lowoi. Lowoi alikuwa mwanamke wa Kiturkana kutoka Ngaremara, mwenye shanga shingoni na mikono mipana, aliyekuwa akifinyanga mitungi ya maji tangu utotoni, na darasa zima lilijua kwamba hata mwalimu alimheshimu. Akaketi kwenye gurudumu, akalipiga donge jeupe katikati, akaanza kulipandisha. Likapanda vizuri. Kisha, bila sababu yoyote iliyoonekana, likalala chini kama mtu aliyezimia.

Lowoi akajaribu tena. Likalala tena. Mara ya tatu akafyonza meno, akauliza, "Mwalimu, huu ni udongo ama ni maziwa lala?"

Waqo akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimponyoka tu.

"Mzee unacheka?" Lowoi akamgeukia, mikono ikidondoka maji meupe. "Njoo wewe. Si hapo kuna mtu wa kumi? Njoo utuonyeshe."

"Mimi nimeambiwa nisiguse."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Banda zima likapasuka kwa kicheko. Waqo akahisi uso umepata moto. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kubaki pale kama mtoto aliyekatazwa, au kusimama. Akasimama. Mwalimu akamvutia kiti, akamfunga aproni yenye maua, akamwonyesha pa kuweka mguu mzima na pa kupumzisha ule mbovu. Waqo akalishika donge kwa nguvu zote za mtu aliyewahi kuangusha mafahali. Gurudumu likazunguka, donge likachomoka, likaruka hewani, likaenda kujibandika kwenye ukuta wa mabati: pwaa!

"Mzee," alisema Lowoi akifuta machozi ya kicheko, "unasukuma kama unapakia ng'ombe."

Na Waqo, aproni ya maua kifuani, tope jeupe kwenye ndevu, alicheka hadi akalazimika kushika nyonga isimuume. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo.

*

Kesho yake alifika kabla ya mwalimu.

Kananu alimfundisha polepole. Alimwambia aegemeze viwiko mapajani, ashushe mabega, apumue. Alimwambia maji yawe kidogo, kwa kuwa udongo huu ukilewa maji hausimami. Lakini jambo lililomkaa Waqo moyoni lilikuja siku ya tano. Alikuwa ameinua kikombe chake cha kwanza, kidogo kama yai, na alipokuwa akikitoa kwenye gurudumu, kidole gumba kikakibonyeza ubavuni. Haraka akakinyoosha kwa ndani. Kikarudi mviringo, huoni kitu.

"Nimekiona," alisema mwalimu nyuma yake. "Hicho usikichome, Mzee. Kirudishe kwenye ndoo."

"Kwani kina nini? Kimenyooka."

"Kwa macho kimenyooka. Lakini udongo huu una kumbukumbu. Ukiupinda ukaunyoosha, unanyamaza tu. Utakauka umenyamaza. Ukifika kwenye moto mkali, unarudi palepale ulipoupinda. Mwekundu husahau. Huu hausahau."

Waqo alikigeuza kile kikombe mkononi. "Kama ngamia," akasema.

"Ngamia anakumbuka?" Lowoi aliuliza kwa utani. Kwao kulikuwa na ngamia pia, alijua jibu.

Waqo alipapasa kwa kidole pale alipokibonyeza kikombe. Kwa miezi minane alikuwa amemsimulia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba ngamia yule alikuwa na wazimu, kwamba alipiga teke bila sababu. Habibo aliamini. Gumato, binti yao, aliamini. Hata yeye mwenyewe alikuwa karibu kuamini.

"Nilimpiga," alisema kwa sauti ndogo. "Juma moja kabla. Tulikuwa na haraka, alikataa kupiga magoti, nikampiga na fimbo usoni mara nyingi. Akanyamaza. Baada ya juma moja tukampakia, nikapita nyuma yake."

Gurudumu la jirani lilikuwa likizunguka bure. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamtengea donge jingine, akaliweka mbele yake, na Waqo akakirudisha kile kikombe kwenye ndoo kwa mkono wake mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo aliacha kupambana na udongo. Aliuzunguka kama unavyomzunguka mnyama mwoga, ukimwonyesha kwanza kiganja. Alijifunza kuukandamiza udongo kwenye kitako kabla ya kuinua ukuta, maana mabakuli yake manne ya kwanza yalipasuka chini yalipokauka. Alijifunza kusubiri hadi chombo kiwe kigumu kama jibini, kisha kukigeuza na kukwangua kitako kwa kisu cha waya, kidogo kidogo, hadi ukuta uwe mwembamba kama ganda. Wanawake walianza kumwita akague kazi zao. "Mzee, huu umekaa katikati?" Naye angefumba macho, aguse ukingo kwa ncha ya kidole, aseme, "Bado. Unayumba upande wako wa kushoto." Na kweli ulikuwa ukiyumba.

Mwalimu alikuwa akifunga banda saa kumi, na vumbi la jioni halikuwa zuri kwa vyombo vibichi, kwa hiyo alimruhusu Waqo kwenda na vikombe vyake nyumbani kwenye ubao, vikauke taratibu mahali penye kivuli. Waqo akavihifadhi chini ya kitanda, akavifunika kwa kikoi chake cha harusi kilicholoweshwa maji.

*

Gumato ndiye aliyevikuta. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa duka la dawa mjini, na alasiri ile alikuwa akifagia chumba cha wazazi wake kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Noor, kijana wa idara ya mifugo aliyekuwa akimpenda tangu mwaka jana, alikuwa amewaambia watu wake, na Jumapili ya wiki ile wazee wangefika kumposa.

"Abba," aliita akiwa amepiga magoti na ufagio mkononi. "Hivi ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vya mama?"

"Gumato, nimesema vyangu."

Binti alitoka akaketi mkabala naye. Alimtazama baba yake vizuri na kuona mambo ambayo hakuwa ameyaona: weupe kwenye kucha, ndevu zilizonyolewa, mgongo ulionyooka.

"Abba, mimi naona vizuri," alisema kwa uangalifu. "Vinapendeza, wallahi. Lakini unajua wazee wa kina Noor. Watu wa ngamia. Wakisikia baba ya msichana anafinyanga udongo... Ungeacha tu mpaka Jumapili ipite. Halafu urudi."

"Unaona aibu?"

Gumato alichezea ncha ya mtandio wake. "Kidogo," alisema, kwa kuwa hakuwa amezoea kumdanganya.

Waqo aliitikia kwa kichwa; alielewa. Hakukasirika. Lakini Jumatano asubuhi alibeba ubao wake wa vikombe akarudi chuoni, kwani zamu ya tanuri ilikuwa karibu na mwalimu alisema vyombo vikikosa kuingia vitangojea mwezi mzima.

Na siku hiyohiyo, kati ya siku zote, Boru akapita.

Boru alikuwa dalali mwenzake, rafiki na mpinzani wake wa miaka thelathini. Wakati mmoja walinyang'anyana mnunuzi hadi wakanuniana mwaka mzima. Zaidi ya hayo, Boru alikuwa ndugu mdogo wa baba yake Noor. Alikuwa ameleta mbuzi wawili wa sherehe ya chuo, na akienda kulipwa ofisini alichungulia dirishani kwa udadisi tu. Alimwona Waqo katika aproni ya maua, mweupe hadi kwenye viwiko, katikati ya wanawake, akipaka kikombe maji ya kung'arisha kwa burashi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Waqo!" alipaza sauti. Akacheka hadi akashika ukingo wa dirisha. Na kabla Waqo hajainua kichwa sawasawa, simu ya Boru ilikwisha kupiga picha.

Picha iliingia kwenye kundi la madalali la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia mbili, kabla ya adhuhuri. Chini yake Boru aliandika: *Dalali wa vikombe.* Zikafuata alama za kicheko, kisha maswali ya dhihaka kuhusu bei ya kikombe dume na kikombe jike. Waqo alizisoma zote, moja baada ya nyingine, akiwa amekaa kwenye benchi nje ya banda. Kisha akaizima simu, akaingia ndani kumalizia kikombe kilichobaki.

Kesho yake ujumbe ukaja kwa Gumato kutoka kwa Noor. Wazee walikuwa wameiona picha. Walisema ziara isubiri kidogo, hadi mambo yaeleweke.

*

Habibo alirudi kutoka Kinna Alhamisi hiyo alasiri, akiwa na gunia la ndizi na habari njema za mapacha, akakuta nyumba kama ya msiba. Gumato alikuwa amejilaza kitandani, uso ukutani. Waqo alikuwa uani.

"Mtu aniambie," Habibo alisema.

Waqo akamwambia yote, hakuficha kitu. Hata habari ya ngamia. Aliposema "nilimpiga", mkewe aliutua mkoba wa safari chini.

"Nilikwambia usiguse," alisema.

"Niligusa."

"Naona umegusa." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua viatu vyake vya safari. "Lowoi alikuwa akinipigia simu kila wiki, ulijua? Aliniambia umepata mkono. Nilifikiri ananitania. Nikawaza, nikirudi nitamkuta mume wangu ameharibu kila kitu na darasa limefungwa." Akakung'uta vumbi la kiatu kimoja. "Sasa ngoja nikuulize. Unakipenda?"

"Nini?"

"Hicho kitu. Unapenda ama ulikuwa tu unapitisha wakati?"

Waqo alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimekuwa laini, sugu za kamba za mifugo zimetoweka. "Mama Gumato, nikiwa pale sisikii nyonga," alisema. "Nasahau kama iko."

"Basi usiache," alisema Habibo. "Kiti changu nitajadiliana na mwalimu. Watu kumi ni kiwango cha chini, hakusema ndio mwisho. Lakini kesho ni siku ya mnada, na wewe utaenda sokoni. Usikae hapa ukingoje watu wakujadili."

"Na huu mguu?"

"Chuoni ulikuwa ukienda na mguu gani?"

*

Soko lilikuwa limefurika, vumbi hadi kifuani. Waqo aliingia kwa mkongojo kati ya makundi ya mbuzi, na kadiri alivyopita, sauti zilishuka. Wengine walimsalimu kwa furaha ya kweli; wengine walitazama simu zao wakitabasamu. Boru alikuwa ameegemea ua wa ngamia pamoja na madalali wengine sita au saba.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Fundi amefika!" mmoja alisema, wakacheka.

Waqo aliwangoja wamalize. "Picha ni ya kweli," alisema. "Ni mimi. Ninafinyanga udongo wa kauri, na bado najifunza. Kama kuna swali, niulizwe hapa, nisiulizwe kwenye simu."

Wawili wakaingiza simu zao mifukoni.

"Kuna jambo lingine. Niliwaambia yule ngamia alikuwa na wazimu. Hakuwa na wazimu. Mimi nilimpiga usoni juma moja kabla, bila haki. Nimewadanganya miezi tisa."

Boru aliacha kuegemea ua. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Waqo," alisema polepole, "tunajua. Mimi nilikuwepo siku hiyo unampiga. Hata huyu alikuwepo. Sote tulikuona."

"Mlijua?"

"Tulijua."

"Na hamkusema."

"Tungesema nini? Ulikuwa umelala hospitalini, mfupa umevunjika. Kila mtu alikubali tu kwamba ngamia ana wazimu."

Waqo alihisi kama mtu aliyebeba gunia zito njia yote, kisha akaambiwa wenzake walikuwa wameshika upande wa pili.

"Basi ninyi ni watu wema kuliko ile picha," alisema. "Boru, mwambie kaka yako hivi. Kama Noor anaoa mikono yangu, akae kwao. Kama anamtaka Gumato, Jumapili ni ileile."

Akageuka akaondoka. Hakugeuka nyuma kutazama uso wa Boru.

Nyumbani alimkuta Gumato ameinuka, amenawa uso, simu mkononi.

"Nimempigia Noor," alisema. "Nimemwambia baba yangu ni mfinyanzi. Nimemwambia kama hawezi kulisema neno hilo mbele ya wazee wake, aniambie sasa hivi, nisipoteze wakati."

"Akasema nini?"

"Alishusha pumzi kwanza. Halafu akasema atalisema." Akashusha macho. "Mimi mwenyewe lilinishinda wiki hii, Abba. Nisamehe. Nimewaambia Jumapili wakija waje chuoni, kwa sababu sisi sote tutakuwa huko."

*

Tanuri la gesi lilikuwa limewashwa Ijumaa alfajiri, likapoozwa Jumamosi yote. Jumapili saa nne asubuhi wanafunzi wote walikuwa mbele ya mlango wake, Habibo akiwa wa kumi na moja, na mwalimu Kananu, aliyekuwa ametoroka kanisani kabla ya mahubiri kwisha, alivaa glavu na kuvuta komeo.

Hewa ya moto iliwapiga usoni. Ndani, rafu juu ya rafu, vyombo viling'aa vyeupe kuliko walivyoviingiza, na vidogo kuliko walivyovikumbuka. Lowoi akapiga kigelegele. Bakuli lake lilikuwa limesimama! Alilichukua kabla halijapoa vizuri, akawa analirusha kutoka mkono hadi mkono, akikataa kuliweka chini. Kiende, msichana mkimya aliyeketi karibu na mlango mwezi mzima, alikuta sahani yake imepasuka vipande viwili, akaanza kulia, kisha akaona kwamba nyingine ni nzima, akacheka huku machozi yakitiririka.

Waqo alikuwa ameingiza vikombe tisa. Viwili vilikuwa vimepasuka kitako, kimoja kimegandamana na rafu. Sita vilikuwa vizima. Mwalimu akavipanga mezani kimoja kimoja, akakishika cha mwisho muda mrefu kuliko vingine.

"Mzee," alisema, "mimi cha namna hii nilikitoa mwaka wa pili chuoni. Na nilikuwa na macho ya ujana."

Hapo ndipo waliposikia gari. Noor alitangulia kushuka, kanzu nyeupe, jasho usoni. Nyuma yake wakashuka baba yake, mzee mmoja wa ukoo, na Boru mwenye shali begani. Waliingia bandani kwa hatua za watu wasiojua pa kuweka miguu. Noor hakungoja kuulizwa. Aliwaelekea wazee wake, na kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni kisha ikakaa sawa, alisema, "Huyu ni Mzee Waqo, baba yake Gumato. Ni mfinyanzi." Gumato aliyatazama mabati ya paa ili asionekane akitabasamu.

Wakasalimiana. Boru akakohoa, akasogea mezani, akachukua kile kikombe cha mwisho, labda ili tu mikono ipate kazi. Alikishangaa jinsi kilivyo chepesi. Akakiinua kuelekea dirishani akitazama kama kina ufa, na jua la Isiolo likapita ndani yake. Aliviona vidole vyake mwenyewe, vyote vinne, upande wa pili wa ukuta wa kikombe, kama vivuli vya watu nyuma ya pazia.

"Hiki ni kioo?" aliuliza.

"Ni udongo," Waqo akasema.

Boru alikigeuza, akaviona vidole tena. Akampa kaka yake, naye akaviona vyake. Yule mzee wa ukoo akakidai kwa ishara, akakishika kwa mikono miwili, akacheka peke yake bila kusema sababu.

Kisha Boru akafanya jambo ambalo lilikuja lenyewe, kwa kuwa alikuwa dalali na mbele yake kulikuwa na kitu chema. Alivuta shali begani, akaifunika mikono yake na ya Waqo. Hivyo ndivyo madalali wa kaskazini hupatana bei ili wasimamao kando wasisikie: vidole hubanwa chini ya kitambaa, na kila kidole ni tarakimu. Waqo hakuwa amepatana hivyo kwa miezi tisa. Aliungoja mkono wa mwenzake utaje bei.

Haukutaja. Katika lugha ile ya vidole hakuna alama ya kuomba radhi. Boru alikikamata tu kiganja cha Waqo, akakipapasa jinsi kilivyokuwa laini, akakibana, akakishika hivyo kwa muda mrefu kuliko biashara yoyote waliyowahi kufanya. Waqo naye akambana. Walipoondoa shali, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu.

"Mmepatana bei gani?" Habibo aliuliza.

"Hilo ni letu," Boru akajibu, akarekebisha sauti yake ikawa ya mzungumzaji wa ukoo. "Mama Gumato, Mzee Waqo, tumekuja na haja. Tulichelewa kidogo njiani, kwa makosa yetu wenyewe. Tunaomba mtusikilize."

"Mketi kwanza," alisema Habibo.

Viti havikutosha. Wanawake wakapindua ndoo za udongo, wakazifuta, wazee wakaketi juu yake. Lowoi akaleta chai kutoka kantini ya chuo, Gumato akaimimina katika vile vikombe sita, na wale waliokosa wakasubiri zamu. Maneno yakasemwa kama yanavyosemwa, dua ikaombwa, na Noor akapata jasho jingine.

Katikati ya mazungumzo, baba yake Noor alipokuwa akinyanyua kikombe kisicho na mkono huku kikimchoma vidole, Waqo akainama kuelekea kwa mwalimu Kananu.

"Mwalimu, hii mikono ya kushikia, tutafundishwa lini?"

"Kesho, Mzee. Ndilo somo linalofuata."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili, kama siku zote."

"Nitakuja saa moja," Waqo alisema, akageuka kuwasikiliza wageni wake.